Masikio Yaliyofungua Mfereji

Wajukuu zangu, mnanicheka. Jioni redio ya jirani hapa Kaloleni inapoanza kusema Kiingereza, mimi hukaa kibarazani na bakora yangu, na kila msomaji wa habari anapovuta pumzi namwitikia, "Ee." Juzi Naomi, huyu mwenye kusoma sana nyumbani, aliniambia, "Babu, yule hakusikii." Nikamjibu, "Najua hanisikii. Mimi ndiye ninayemsikia." Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Lakini ni Naomi huyohuyo aliyekuja kesho yake akiwa amenuna. Mwalimu wao mpya wa Kiingereza, anasema, anaongea kama mtu anayemwaga mahindi kwenye debe. Kusoma anasoma, kuandika anaandika, ila mwalimu akifungua mdomo haambulii kitu. Basi kaeni. Nimekula mshahara wa ukalimani tangu enzi za Mjerumani mpaka meno yangu yalipoanza kuniaga, na jambo hili la masikio nalijua kuliko ninavyojua bei ya sukari.

Mnadhani Kiingereza kilikuja Arusha pamoja na serikali ya Waingereza. Hapana. Mjerumani alipokuwa bado amekaa bomani kwake, akitutawala kwa Kiswahili cha amri, walikuwapo tayari watu wa Kiingereza huku, mmoja huku na mmoja kule: wawindaji waliopita kutoka Nairobi, na walowezi waliokuja na magari ya maksai kutoka kusini. Mmoja wao alipewa shamba chini ya kwetu Moshono. Sisi tulimwita Bwana Kiko, kwa sababu kiko hakikumtoka mdomoni. Alikula nacho karibu, akalala nacho karibu, na akasema nacho kikiwa kati ya meno.

Mimi nilikuwa kijana niliyetoka kutahiriwa si zamani, na kazi yangu kwake ilikuwa kushika kamba ya maksai wa mbele. Fikirini kazi hiyo. Mwenye gari yuko nyuma, wewe uko mbele, umempa mgongo. Magurudumu yanalia, ng'ombe wanapumua, na yeye anakuamuru kwa lugha yake kupitia kiko. Usiposikia kushoto, gari liko mtaroni. Mara ya kwanza liliponilalia mtaroni pamoja na magunia yote, Bwana Kiko hakunipiga. Alikaa juu ya gunia, akawasha kiko, akaniambia maneno marefu sana. Sikuelewa hata moja, ila nilielewa vizuri kabisa kwamba hayakuwa maneno ya kuwasomea watoto.

Kwa hiyo masikio yangu yalianza hivyo, kwa woga wa mtaro. Baada ya majira mawili nilijua maji, mvua, gurudumu, mpumbavu, simama, na kahawa. Kwa elimu hiyo kubwa, wazee wa ukoo wetu wakaniona mimi ni Mzungu mtupu.

Sasa niwaambie habari ya mfereji. Shamba la mama yangu, na mashamba ya jamaa zetu wote wa ule mteremko, yalinyweshwa na mfereji mmoja uliotoka mtoni juu, upande wa Meru. Rika la babu yangu ndilo lililouchimba, kwa majembe ya miti, wakizunguka miamba kwa kufuata maji yenyewe yanavyotaka. Migomba yetu ilikuwa mfereji ule. Maharage yetu yalikuwa mfereji ule. Bwana Kiko naye alikuwa amepanda miche ya kahawa, kiangazi kikamkuta, na miche ikaanza kukunja majani.

Siku moja akapanda kuja kuongea na wazee pale mfereji unapoachana na mto. Nikaitwa niwe masikio yao. Baba yangu mkubwa, Mzee Saiteru, ndiye aliyekuwa mkubwa wa mfereji. Akanisimamisha kando yake, akasema, "Mwache mgeni amalize. Kisha utatuambia."

Hapa msikilize vizuri, kwa maana nyinyi wa mjini mmeanza kusahau. Kwetu Waarusha, mtu akitoa habari haachwi peke yake nayo. Anasema kipande, unamwitikia. Anasema kingine, unamwitikia tena. Ukinyamaza atadhani umelala, au una kinyongo naye. Ile ee si kukubali. Ni kumwambia kwamba hicho kipande nimekipokea, lete kingine. Mtu anaweza kukuitikia kutwa nzima, kisha mwisho akakukatalia kila ulichoomba, na hakuna atakayesema amekudanganya.

Bwana Kiko akaanza. Wazee wale hawakujua neno la Kiingereza, lakini adabu ni adabu. Akasema kipande, wakaitikia wote pamoja, "Ee." Akasema kingine, "Ee." Nami nikaitikia, nikiokota maji, mvua na kahawa, mengine yakinipita. Nilimwona Bwana Kiko anazidi kung'aa uso. Sauti ikapanda, mikono ikaanza kuonyesha huku na huku, na wazee wakamwitikia kwa nguvu zaidi kwa kuwa aliongea vizuri. Alipomaliza akawapa mkono mmoja mmoja, akampa Mzee Saiteru mara mbili, akashuka mlima anapiga mluzi. Mimi nilikuwa sijafungua mdomo kutafsiri.

"Alikuwa anasemaje?" akauliza baba mkubwa.

"Habari za maji," nikasema.

Kesho yake jioni mama alikwenda kuchota akakuta tope. Bwana Kiko alikuwa ameziba mfereji wetu kwa mawe na udongo, na maji yote yamegeuzwa kwenda kwenye kahawa yake. Aliyafanya hayo mchana kweupe, akiwasalimu watu waliopita, kama mtu anayetimiza makubaliano. Na kwa upande wake ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa ameomba maji yote mpaka mvua zirudi, na ukoo mzima ulimjibu ndiyo kwa kila neno.

Mzee Saiteru hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema tu, "Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Tulikuwa na masikio mawili tu, yako." Watu walipokutana nami njiani walitazama pembeni. Mama alikuwa akibeba maji kwa kibuyu kutoka mtoni, akinywesha mgomba mmoja baada ya mwingine. Iliniuma sana.

Wazee wakaenda bomani, na Bwana Kiko naye akaitwa. Bwana mkubwa wa boma alikuwa Mjerumani mwenye Kiswahili kizuri, ila Kiingereza hakukijua, na Bwana Kiko hakujua Kijerumani, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuwafokea maksai. Bwana mkubwa akasema anakwenda Moshi kwa kazi, akirudi atasikiliza shauri. "Mje na mkalimani wenu," akasema. "Bwana huyu anadai mlikubali kwa midomo yenu. Kama mkalimani hawezi kunieleza maneno yake yote sawasawa, nitachukua alivyoelewa yeye. Mfereji utakuwa wake."

Wazee wakanitazama. Hapakuwa na mwingine.

Karibu na boma aliishi Mama Zuhura, mwanamke wa Mombasa, mke wa fundi mwashi aliyekuja na kazi ya ujenzi. Yeye alikuwa dobi wa Wazungu. Huko kwao alikuwa amefua na kupiga pasi katika nyumba za Waingereza tangu usichana wake, na Kiingereza alikisikia kama ninavyosikia mvua juu ya bati. Nikaenda, nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kufuliwa au umekuja kulia?"

Nikamweleza. Alikuwa akipiga pasi ya makaa, hakuinua hata kichwa. "Kuuliza si ujinga," akasema. "Lakini mimi sina darasa. Nina nguo. Utafanya kazi, na nitakuamuru kwa Kiingereza tu, nikiwa nimekupa mgongo. Ukikosea, utafua upya."

Nilidhani mgongo ule ni dharau. Baadaye nilielewa. Mtu anayejifunza kusikia kwa kutazama midomo atakuwa kiziwi siku ya moshi, siku ya giza, na siku ya Mzungu mwenye masharubu makubwa. Naomi, mwambie mwenzako asome kitabu kwa sauti akiwa upande wa pili wa ukuta. Anza hapo.

Makosa yangu kwa Mama Zuhura yangejaza gunia. Alinipa amri ndefu kuhusu mashati ya mwindaji mmoja, shingo zake, mikono yake, wanga uwekwe wapi na usiwekwe wapi. Nilisikia wanga, nikafurahi, neno lililofuata likanipita, na nilipokuwa nikilitafuta amri ikaisha, nikaweka wanga kila mahali. Soksi za yule bwana zikasimama zenyewe juu ya meza. Mama Zuhura aliziangalia, akaita majirani waje waone, kisha akanirudisha kwenye karai.

"Unajua ulipopotelea?" akaniuliza, kwa Kiswahili siku hiyo. "Neno moja lilikupita, ukaanza kulikimbiza. Neno lililokupita ni kama kuku aliyetoka bandani. Ukimfukuza yeye, mlango uko wazi, na wengine wote wanatoka. Mwache aende. Funga mlango. Jioni atarudi mwenyewe."

Na kweli hurudi. Maneno ya mbele hukueleza ya nyuma, ukiwa na subira. Kisha akanionya kuhusu maneno madogo. Majina ya vitu, alisema, hata mtoto huyaokota. Vinavyogeuza shauri ni vile vijineno vya lakini, na ila, na mpaka, ambavyo Waingereza hupitisha haraka kama watu wanaoficha mgeni. Ukisikia kimoja, jua njia imepinda, na wewe pinda. Na mwisho wa kila amri alinitaka nimwambie yote upya kwa Kiswahili, tangu mwanzo, kabla sijagusa nguo. "Kama huwezi kuyasimulia hukuyasikia. Ulisikia kelele tu."

Ilikuwa katika amri hizo ndipo jambo lilipojitokeza. Siku moja alikuwa ananiamuru, nami kwa mazoea ya kwetu nikawa namwitikia kila kipande. Ghafla akaiweka pasi chini, akageuka.

"Mbona unaniitikia?"

Nikashtuka, nikadhani nimemkosea adabu. Nikamweleza desturi yetu. Akanisikiliza mpaka mwisho, na uso wake ukafunguka taratibu. Kisha akacheka, cheko la mtu aliyeokota ufunguo wake mwenyewe.

"Ndiyo maana leo hukukosea hata kimoja," akasema. "Tangu uanze kuniitikia, na mimi nimekuwa nikikukatia maneno vipandevipande, wala sijijui. Mimi nasema, lakini mwenye kuongoza ni wewe. Usiiache hiyo ee. Ila mwenye kusema aambiwe kwanza ni ya nini, maana Mzungu akisikia hivyo anajua ameshakubaliwa."

Nilisimama pale na shati la mtu mkononi, nikaona mchezo mzima wa pale mferejini umefunuka mbele yangu. Hatukuwa wajinga. Yeye hakuwa mwizi. Tulikuwa tumemwitikia mtu ambaye kwao haitikiwi.

Siku ya shauri ilifika. Wazee walivaa mashuka yao mazuri. Mama alikuja akakaa nje pamoja na wanawake wengine, mikono yao ikiwa na malengelenge ya kubeba maji. Bwana Kiko naye alikuwapo, na kiko chake. Bwana mkubwa, aliyependa heshima, akamwonyesha kwa kidole akitoe mdomoni.

Nikasema, "Bwana mkubwa, naomba aachiwe kiko."

"Kwa nini?"

"Masikio yangu yamejifunza Kiingereza chake na kiko ndani. Akikitoa, atakuwa mtu mwingine."

Askari wa mlangoni walicheka. Bwana mkubwa alitikisa kichwa, lakini akakubali. Kisha nikamweleza ile desturi ya kuitikia, polepole, kwa Kiswahili. Hakuniamini. Akamwuliza Mzee Saiteru, "Ni kweli, mnamjibu mtu hata kama hamkubali?"

"Ni kweli, Bwana," akasema baba mkubwa. "Hata wewe nakuitikia hapa, wala sijakubali."

Wazee wote wakasema, "Ee." Bwana mkubwa akatazama meza kwa muda, nadhani akiwahesabu watu wote waliowahi kumwitikia tangu aje Arusha.

"Vizuri," akasema. "Mwambie huyu aseme maneno yake yote. Wewe mwitikie unavyojua. Akimaliza utanipa yote, bila kupunguza."

Kusema kwangu Kiingereza kulikuwa kibovu, sifichi. Lakini kwa maneno machache niliyokuwa nayo nilimweleza Bwana Kiko kwamba ee yangu ni ya kusikia, si ya kukubali. Akaduwaa. Akanitazama mimi, akawatazama wazee, na nikaona naye ameanza kuielewa ile siku ya mferejini. Masikio yakamwiva. Kisha akaanza kusema.

Mwanzoni aliongea kwa haraka na hasira, miche yake, kiangazi, mikono aliyopewa na wazee. Nikamwitikia. Akakata kipande. Nikamwitikia. Neno moja likanipita. Nikaliacha, nikafunga mlango wa banda. Lilirudi mbele kidogo, lilikuwa mizizi. Kidogokidogo akaanza kwenda mwendo wangu, kama maksai wale niliokuwa nikiwashika kamba, ila safari hii mwenye gari ndiye aliyekuwa akifuata.

Na kuna jambo jingine kuhusu kuitikia, wajukuu zangu, ambalo hata Mama Zuhura hakuniambia. Mtu akisikilizwa vizuri hanyamazi mahali alipopanga kunyamaza. Bwana Kiko alimaliza malalamiko yake, nikasema ee, na ee ile ikamvuta mbele. Akaanza kueleza siku aliyofika Moshono mara ya kwanza. Maksai wake walikuwa hoi kwa kiu, mmoja ameanguka. Wazee hawa walimkuta pale. Mzee huyu, akamwonyesha Mzee Saiteru kwa mkono, alikwenda juu akaufungua mfereji, maji yakateremka mpaka miguuni pa ng'ombe, na wakanywa. Hakuombwa malipo. Ndipo akaamua kukaa karibu na watu hawa, na ndiyo maana hakushangaa walipokubali kumpa maji tena.

Hapo akamaliza. Nikageuka kwa bwana mkubwa, nikafunga macho, nikayatoa yote kwa Kiswahili tangu mwanzo, kipande kwa kipande, na lile la mizizi mahali pake. Nilipofika kwenye ng'ombe aliyeanguka nilisikia wazee nyuma yangu wakiniitikia, na sauti ya Mzee Saiteru ilikuwa juu kuliko zote. Bwana Kiko, kwa Kiswahili chake cha maksai, alikuwa akiinamisha kichwa kila aliposikia neno analolijua.

Bwana mkubwa aliinama mbele. "Mwulize. Siku hiyo alipofika, mfereji ulikuwapo, una maji, na aliyeufungua ni mzee huyu?"

Nikauliza. Bwana Kiko alimtazama baba mkubwa. Angeweza kukana, hapakuwa na mwingine wa kumsuta kwa Kiingereza. Akakitoa kiko mdomoni, mara ya kwanza mbele yangu, akasema ndiyo. Hilo sikuhitaji kulitafsiri.

Shauri likaisha hapo. Mfereji ni wa waliouchimba. Bwana Kiko naye atapata zamu yake ya maji kama jirani mwingine yeyote, lakini akaombe kwa wazee wa mfereji, na aitolee zamu hiyo mkono wa kazi siku ya kuzibua tope. Mawe yatoke siku hiyohiyo.

Tulikwenda kuyatoa wote, wanaume kwa wanawake, na Bwana Kiko mwenyewe akishika lile jiwe kubwa upande mmoja nami upande wa pili. Maji yalisita kidogo, yakalamba udongo mkavu, yakashika njia yao ya zamani. Tukayafuata tukikimbia, tukiimba, mpaka kwa mama. Aliingia katikati ya migomba yake akasimama maji yakimfikia vifundoni, akaniita kwa jina langu la utotoni mbele ya watu wote. Nililia, na sioni haya kuwaambia. Mzee Saiteru akaja akaniwekea mkono begani. "Kumbe yanazoleka," akasema.

Kesho yake askari alitumwa Moshono kuniita. Bwana mkubwa alitaka mkalimani, na tangu siku ile sikushika tena kamba ya maksai. Waingereza walipokuja na vita vyao na kuchukua boma, walitafuta mtu wa kuwasikia, wakanikuta nimekaa palepale mlangoni. Nimesikiliza wenye masharubu, wasio na meno, wenye kunong'ona, na mmoja aliyelia kila alipotaja kwao. Sikuwahi kuyajua maneno yao yote. Niliyaacha yanayotoka, nikafunga mlango, na jioni yakarudi.

Ila ushindi ulionifurahisha kuliko wote haukuwa wa bomani. Ulikuwa katika kikao cha kwanza cha wazee wa mfereji baada ya shauri. Bwana Kiko alikuja kuomba zamu yake, akakaa chini kama wengine. Mzee Saiteru akasimama kueleza sheria za maji kwa lugha ya kwetu, kipande kwa kipande, na Bwana Kiko hakuelewa hata kimoja. Lakini alikitoa kiko mdomoni, akaegemeza viwiko magotini, na kila baba mkubwa alipovuta pumzi, nikasikia sauti ya Mzungu pamoja na za wazee ikisema, "Ee."

Basi Naomi, kesho mwalimu wako akianza kumwaga mahindi, usiogope debe. Mwitikie kimoyomoyo, ukipenda. Jana jioni nilipita kibarazani kimya, nikakuta umekaa karibu na redio ya jirani, na midomo yako inacheza. Sikucheka. Nilirudi ndani polepole, nisikukatize.